Unga wa mkilifi au chupa ya dukani?

Bei iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa si gharama ya kuua bungua na viwavijeshi kwenye shamba la mahindi. Mkulima wa Ganze mwenye hela ya kununua kitu kimoja tu apige kwanza hesabu ya ekari nzima.

Dawa ya maji hupatikana kwa urahisi na hufanya kazi upesi, mradi viwavi bado ni wadogo. Lakini ekari moja hunywa kama lita 100 hadi 200 za maji, yaani mitungi mitano hadi kumi ya lita 20. Penye maji ya kununua, hiyo ni pesa. Ongeza kukodi bomba, kibarua, glavu na nauli ya boda. Mvua ikishuka muda mfupi baada ya kupiga, huenda ukarudia yote.

Dawa ya chengachenga, ile ya kutia kwenye moyo wa mhindi, haitaki maji wala bomba. Pakiti ndogo inaonekana rahisi, ila soma kwanza inatosha mashina mangapi.

Kwa ekari moja au chini yake, mimi ningechagua unga wa mbegu za mkilifi na vumbi la mbao, nusu kwa nusu, ukitiwa kidogo kidogo kwa ncha za vidole ndani ya kila shina. Vumbi lina vitundu vinavyoshika dawa. Maji ya mvua yakituama kwenye majani ya juu, dawa huyeyuka na kushuka polepole hadi alipo bungua, na vumbi lenyewe huoza. Kilo ya unga hutosha mashina 1,500 hadi 2,000. Ukipanda sentimita 75 kwa 30, ekari ina mashina kama 17,800, hivyo andaa kilo 9 hadi 12.

Mbegu ni za bure, kazi si ya bure: kuokota, kumenya, kuanika kivulini kwa sababu jua huipunguzia dawa nguvu, kutwanga, kisha kupita shina kwa shina. Ukilipa vibarua, akiba yote inaishia hapo. Vumbi la mbao zilizotiwa dawa likatae hata ukipewa bure.

Bila mvua, unga hukaa mkavu na haufanyi kitu. Upande wa Sokoke, wenye mvua zaidi, unaweza kuutegemea. Bamba, mvua ikikatika, itabidi uuloweke na kupiga kwa bomba kila siku 8 hadi 10, na gharama ya maji inarudi.

Utasikia pia habari za karatasi ya nyuzi za mgomba yenye dawa kidogo sana, iliyojaribiwa Kenya na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na wenzao wa Marekani. Ni ya kufungia mbegu za viazi dhidi ya minyoo ya mizizi. Kwa mahindi yako haina kazi, usiisubiri.

Ukiamua kununua chupa, tafuta namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosajili dawa za wadudu nchini, na tarehe ya kuisha. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda iache, hata ikiuzwa nusu bei.