Maiki kwanza, kamera baadaye

Kijana anayeingia kwenye uandishi wa habari siku hizi, akishika fedha kidogo za vifaa, huenda moja kwa moja kwa wauza kamera. Mfuate Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, utamkuta anageuzageuza lenzi na kuulizia 4K. Namwelewa, ila naona anaanzia mwisho. Simu iliyo mfukoni mwake tayari inapiga video ya kutosha kurushwa hewani. Mwaka 2012 Al Jazeera ilionyesha filamu ya habari, "Syria: Songs of Defiance", ambayo mwandishi wake aliipiga kwa simu kwa kuwa kuonekana na kamera kungehatarisha maisha. Simu nyingi za leo zinaipita ile kwa ubora wa picha.

Kinachotuangusha ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye kiza kidogo, lakini sauti ya mbali, iliyojaa upepo na mwangwi, humfanya apite zake hata kama anayehojiwa ana jambo zito la kusema. Nasikitika sana ninapomwona mama aliyedhulumiwa shamba lake akieleza kisa chake, halafu nusu ya maneno inamezwa na bodaboda zinazopita.

Kwa anayeanza, napendekeza maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya. BOYA BY-M1, ambayo waandishi wengi wanaijua, ina waya wa mita 6 wenye kisanduku cha swichi na betri ndogo ya mviringo. Swichi ina upande wa simu na upande wa kamera, na ni ule wa kamera unaokula betri. Ukimaliza kazi ukaiacha hapo, betri huisha, na safari nyingine unarudi na video bubu. Kila unapokunja waya, rudisha swichi upande wa simu, na mkobani weka betri ya akiba, aina ya LR44. Simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, kwa hiyo nunua na adapta yake papo hapo, uijaribu dukani kabla hujalipa.

Maiki ibanwe shubiri moja chini ya kidevu. Kwa mwanamke aliyevaa ushungi, usiifiche ndani ya kitambaa; muombe aibane mwenyewe kwa nje, mahali ambapo nguo haisuguani na nguo. Shanga na mikufu isogezwe pembeni. Kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni, maana simu moja tu ikiingia inaweza kukata rekodi katikati ya sentensi ambayo hutaipata tena. Rekodi majaribio ya sekunde 10, vaa hedifoni, usikilize. Ukifika hatua ya kununua maiki zisizo na waya, tafuta zile ambazo kipande anachovaa msemaji kinarekodi ndani yake chenyewe, kama Rode Wireless GO II ya mwaka 2021. Mawimbi yakikatika, maneno yanabaki.

Kabla hujaondoka eneo la mahojiano, waombe watu wanyamaze na urekodi nusu dakika ya mahali penyewe. Ukiwa soko la samaki la Feri, utapata mvumo wa bahari, feni na sauti za mbali. Nusu dakika hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuziba mapengo unapokata maneno wakati wa kuhariri, ili msikilizaji asisikie ukimya wa ghafla. Ya pili inahusu Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani na kutolewa mwaka 2000. Kabla ya kupunguza kelele, programu hii hutaka kwanza ionyeshwe kelele tupu iijue, kisha ndipo iiondoe chini ya maneno. Bila sampuli hiyo utakuwa unabahatisha. Tumia kipimo kidogo. Ukizidisha, msemaji anasikika kana kwamba yumo ndani ya pipa.

Kuhusu picha sina mengi, isipokuwa hili la taa. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa picha 30 kwa sekunde, kipimo kilichotokana na Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Ndiyo maana video ya ofisini wakati mwingine huonyesha mistari ya kiza inayopanda na kushuka ukutani. Pakua Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure na ilikuja kwenye iPhone mwaka 2023 na kwenye Android mwaka 2024, upange picha 25 kwa sekunde na shata 1/50. Mistari hiyo kwa kawaida huondoka. Piga kwa 1080p. Kwenye mipangilio ya iPhone yenyewe imeandikwa kwamba dakika moja ya 4K kwa picha 30 ni kama megabaiti 170, na mwandishi aliye wilayani anatuma kazi kwa bando lake mwenyewe. Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida, ubora unashushwa. Faili la asili usilifute, kwani ndani yake kuna tarehe na saa, na siku ukiulizwa ulipiga lini, hilo ndilo shahidi wako.

Picha yenyewe nayo hutoa ushahidi, kama ilivyokuwa mwaka 2018, video ilipoenea ikionyesha askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Cameroon ilisema ni habari ya uongo. BBC Africa Eye walichukua mstari wa milima uliokuwa nyuma ya picha, wakaulinganisha na Google Earth, wakakipata kijiji: Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Kivuli cha askari kiliwapa pembe ya jua, na pembe ikawapa majira: kati ya Machi na Aprili 2015. Mwaka 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10. Google Earth ni ya bure. InVID-WeVerify, inayovunja video kuwa picha moja moja ili uzitafute mtandaoni, nayo ni ya bure. Ningependa kila chumba cha habari, hata cha redio ya jamii, kiwe na mtu mmoja anayezijua kwa vidole.

Limebaki lile la kunakili mahojiano, kazi inayotula usiku mzima. Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, husikiliza na kuandika, na inaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti, jambo la msingi pale msemaji aliyekuamini anapoweza kudhurika. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, ila saa 117,000 tu ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, Kiswahili kikiwamo. Inaonekana: hukosea majina, hukwama kwenye lafudhi za pwani na pale msemaji anapochanganya lugha. Kwa hiyo rasimu yake isome ukiwa umevaa hedifoni, ukisimamisha sauti penye kila jina la mtu, kila jina la mahali na kila tarakimu, ndipo maneno ya msemaji uyatie kwenye alama za kunukuu.