Safari ya Gari-Nyumba na Mito ya Texas (Sehemu ya Pili): Maji Yatangulie, Gari Lifuate

Sehemu ya kwanza ya makala hii ilieleza gari-nyumba ni chombo cha namna gani: gari lenye vitanda, jiko, choo na matenki ya maji, ama liwe linajiendesha kwa injini yake, ama liwe trela linalofungwa nyuma ya gari jingine na kukokotwa. Sehemu hii inahusu jambo ambalo wapangaji wengi wa safari hulifikia mwisho ilhali lilistahili kutangulia, nalo ni maji yenyewe. Familia inayokusudia kupiga kambi wakati wa joto ili iogelee na kuelea mtoni aghalabu huanza kwa kukodi gari, ikaomba likizo kazini, ikalipia nafasi kambini, kisha siku ya kuondoka ndipo ikaulizia hali ya mto. Utaratibu wa busara ni kinyume cha huo, kwa sababu gari hubadilishwa na likizo husogezwa, lakini mto haubembelezwi.

Mfano unaofaa ni nyanda za vilima katikati ya jimbo la Texas, hasa mji wa New Braunfels, ulioanzishwa na wahamiaji wa Kijerumani mwaka 1845 na ambao uko baina ya San Antonio na Austin. Watu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi Houston, Dallas na San Antonio wanaweza kuufikia mji huo kwa siku moja ya barabarani, na hapo ndipo mchezo wa kuelea kwa mpira umekuwa shughuli kuu ya wakati wa joto. Mchezo wenyewe hauna ufundi mwingi. Mtu hukaa juu ya mpira uliojazwa upepo, wa umbo lile lile la mpira wa ndani wa tairi la lori, kiuno kikizama katika tundu na miguu ikining'inia nje, naye huchukuliwa na mkondo taratibu hadi mahali pa kutokea, na aghalabu basi la kampuni inayokodisha mipira ndilo linaloziba pengo kati ya alipoingilia na alipotokea.

Ndani ya mji huo mmoja mna mito miwili ambayo mgeni huiona kuwa sawa, nayo haifanani hata kidogo. Mto Comal, ambao urefu wake ni kama kilomita 4 tu, unaanza na kuishia ndani ya New Braunfels kwa kumwagikia mto Guadalupe. Maji yake hutoka katika chemchemi kubwa zinazobubujika chini ya genge la mawe ya chokaa, na chanzo cha chemchemi hizo ni hifadhi ya maji ya ardhini iitwayo Edwards, yaani matabaka ya mawe yenye nyufa na mapango ambamo maji ya mvua hupenya, hukaa, kisha husukumwa juu mahali ardhi ilipopasuka. Kwa kuwa maji hayo hutoka chini, jua la Agosti na baridi ya Januari havina nguvu juu yake, na joto lake hubaki karibu nyuzi 23 za Selsiasi mwaka mzima, kiwango kinachomburudisha mwogeleaji bila kumtetemesha. Hata hivyo, chemchemi si ahadi ya milele, maana ukame mkali wa miaka ya 1950 ulizifanya zikauke kwa miezi kadhaa mwaka 1956, na kila pampu inayovuta maji ya hifadhi hiyo kwa ajili ya miji na mashamba hupunguza kile kinachofika mtoni. Anayepanga safari katika mwaka wa ukame hana budi kuulizia mtiririko wa Comal kabla ya kulipia chochote.

Guadalupe una tabia nyingine. Juu ya New Braunfels kuna bwawa la Canyon, lililojengwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kati ya mwaka 1958 na 1964 ili kuzuia mafuriko na kuhifadhi maji, na kutoka bwawa hilo hadi mjini mto hupinda kwa takriban kilomita 35 katikati ya misiprasi mirefu. Maji huruhusiwa kutoka karibu na sakafu ya ziwa, ambako jua halifiki, na kwa sababu hiyo huwa baridi kiasi cha kuwaweka hai trauti, samaki wa maji baridi ambaye si wa asili ya Texas na ambaye huletwa na kupandikizwa hapo. Kadiri mto unavyoshuka ndivyo maji yanavyopata joto, kwa hiyo mzazi mwenye watoto wadogo afadhali achague vipande vya chini karibu na mji kuliko vile vilivyo miguuni mwa bwawa.

Wingi wa maji katika mto huu huamuliwa na wanaoendesha malango ya bwawa, na kipimo chake hutangazwa kwa futi za ujazo kwa sekunde. Futi moja ya ujazo ni karibu lita 28, hivyo mtiririko wa futi 100 maana yake ni lita 2,800 zinazopita mbele ya mtazamaji kila sekunde. Idara ya jiolojia ya Marekani ina vituo vya kupimia mito, kimojawapo kikiwa Sattler, chini kidogo ya bwawa, ambavyo takwimu zake huwekwa wazi kwa umma mchana na usiku. Mtiririko ukiwa mdogo mno, mipira hukwama kwenye mawe na safari ya saa mbili hugeuka kuwa ya nusu siku ya kutembea kwa miguu huku mpira ukiwa kichwani. Ukiwa mkubwa, mwenye mpira hana namna ya kusimama anapotaka, na matawi yaliyoinamia majini huwa hatari kuliko mawe, kwa kuwa maji hupita katikati yake lakini mwili wa mtu hunaswa. Kampuni za kukodisha mipira huwa na viwango vyao vya kuwakataza watoto au kufunga kazi kabisa, na swali la kuwauliza kwa simu ni kiwango hicho ni kipi na leo mto umefika wapi. Jibu la jumla kwamba mto ni mzuri halitoshi.

Juu ya bwawa hakuna lango wala mlinzi, na hapo ndipo makala hii inapomtaka msomaji atulie. Nyanda hizi ziko kwenye ukingo wa miinuko iitwayo Balcones. Hewa yenye unyevu inayotoka Ghuba ya Mexico hupanda ghafla ikigonga miinuko hiyo na kumwaga mvua kubwa juu ya udongo mwembamba unaofunika mwamba, na kwa kuwa mwamba haunywi maji upesi, mvua hiyo hukimbilia mtoni mara moja. Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki huzitambua siku za bamvua na za maji mafu kwa kuangalia mwezi, lakini mafuriko ya ghafla hayana kalenda, na huweza kumfikia mtu ambaye kwake halijaanguka tone, kwa kuwa mvua ilinyesha mbali huko juu.

Historia ya mto huu inathibitisha hayo. Mwezi Julai 1987, karibu na mji wa Comfort, vijana 10 walikufa maji walipokuwa wakiondolewa katika kambi ya kanisa. Mwezi Julai 2002 ziwa la Canyon lilifurika kupitia njia yake ya dharura kwa mara ya kwanza tangu bwawa lijengwe, na maji hayo yakachimba korongo jipya katika mwamba kwa muda wa siku chache. Alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025, sikukuu ya uhuru wa Marekani, Guadalupe ulipanda zaidi ya mita 7 kwa muda wa kama dakika 45 katika kaunti ya Kerr, ukaua zaidi ya watu 100 katika kaunti hiyo pekee, wakiwemo wasichana wadogo waliokuwa kambini, na ukasomba magari-nyumba yaliyoegeshwa kandokando ya mto huku wenyewe wamelala. Matukio hayo yote matatu yalitokea Julai, mwezi ambao kwa desturi hauhesabiwi kuwa wa mvua, kwa maana kilele cha mvua huko ni Mei na Juni, kisha Septemba na Oktoba.

Basi tarehe ichaguliwe vipi? Msimu wa kuelea hukubalika kuwa ni kuanzia Jumatatu ya mwisho ya Mei hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambazo zote ni sikukuu, na katika sikukuu hizo mto hujaa watu hadi mipira inagusana. Siku za katikati ya wiki ni bora kuliko Jumamosi kwa kila hali. Asiye na watoto wa shule atapata nafasi tele mwishoni mwa Agosti shule zikishafunguliwa, ingawa joto bado huweza kufika nyuzi 38 na mito isiyo na chemchemi kubwa huwa imepungua. Hifadhi za jimbo, kama vile Guadalupe River iliyo juu ya bwawa, au Garner iliyo kando ya mto Frio upande wa magharibi, hupokea maombi ya nafasi za kulala miezi mitano kabla, na nafasi za Julai huchukuliwa mapema.

Nafasi ya kuegesha gari-nyumba hutangazwa kwa huduma zake, na huduma ya kuzingatiwa kwanza ni umeme. Soketi ya ampea 30 hutoa wati 3,600, na kiyoyozi kimoja hula karibu nusu ya hizo, hivyo anayewasha kiyoyozi, oveni ya mikrowevu na kichemshio cha maji kwa pamoja atazima swichi kuu na kubaki katika joto. Soketi ya ampea 50 hutoa wati 12,000 na huondoa adha hiyo, ila haina faida kwa gari ambalo halikuundwa kuipokea. Kuhusu maji taka, yale ya sinki na bafu hukusanywa katika tenki moja na ya choo katika jingine. Tenki la choo humwagwa kwanza, kisha la sinki ndipo lisafishe bomba, na kamwe maji hayo yasimwagwe chini mahali penye mawe ya chokaa, kwa sababu nyufa zile zile zinazopitisha mvua huupeleka uchafu huo katika chemchemi wanamoogelea watu na wanamokunywa.

Jambo moja la afya halitajwi sana miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, ingawa linawagusa kwa karibu. Katika maji yasiyo ya chumvi, hasa yaliyotuama na kupata joto, huishi amiba iitwayo Naegleria fowleri, kiumbe kisichodhuru kikimezwa lakini ambacho kikipanda puani kwa nguvu huweza kufika kwenye ubongo na kusababisha ugonjwa ambao karibu kila aupataye hufa. Ugonjwa huo ni wa nadra sana, hata hivyo mwaka 2025 wataalamu wa afya wa Marekani walitoa taarifa ya mwanamke aliyefariki baada ya kusafisha pua yake kwa maji ya mfumo wa gari-nyumba katika kambi ya Texas. Mwislamu anayepandisha maji puani wakati wa kutawadha akiwa safarini atumie maji yaliyochemshwa kwa dakika moja yakapoa, au yaliyosafishwa kwa mvuke, asitumie ya tenki la gari. Watoto nao wavae kibano cha pua wanaporuka katika maji ya joto yaliyotuama.

Siku ya kuelea haihitaji vitu vingi. Viatu viwe vya kufunga, kwa kuwa ndala hutoka mguuni kwenye maporomoko madogo ya kwanza na miamba ya chokaa hukata nyayo. Mtoto na yeyote asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha hata pale maji yanapomfika kiunoni, maana anayepinduka katika mkondo hasimami upesi. Ufunguo wa gari ufungwe shingoni ndani ya mfuko usiopenya maji. Chupa na makopo ya kutupwa hayaruhusiwi mtoni ndani ya mipaka ya New Braunfels, kwa hiyo maji ya kunywa yachukuliwe katika chombo cha kudumu, nayo yawe mengi, kwani mtu aliyelowa hadi kifuani haisikii kiu yake.

Pamebaki mahali pa kulala. Kambi huuza nafasi za ukingoni kwa bei kubwa kwa sababu ya mandhari, nazo ndizo za kwanza kufikiwa na mafuriko. Msomaji anaombwa achague nafasi ya juu, atembee kwa miguu kabla giza halijaingia ili aijue njia ya kupanda mlimani bila kuvuka kijito, na alale na redio ya hali ya hewa yenye betri, kwa kuwa simu bondeni mara nyingi hazishiki mtandao. King'ora kikilia usiku, watu watoke kwa miguu na kuliacha gari pale pale. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 hulichukua gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua hata gari kubwa.