Plastiki Inayofanya Kazi ya Chuma

Kila mashine yenye kitu kinachozunguka au kuyumba yahitaji beringi. Beringi hubeba mzigo wa mhimili na kuuacha uzunguke bila kusagika. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya shaba na chuma, nayo mafuta yalikaa katikati yasiguse chuma kwa chuma. Mafuta yakikosekana hata kitambo kidogo, chuma hupata moto, hukwaruzana, kisha hushikana. Hapo mashine imekufa.

Siku hizi plastiki nayo imeingia katika kazi hiyo. Lakini isidhaniwe kuwa ni plastiki ya ndoo. Mwaka 1978 wataalamu wa kampuni ya ICI, Uingereza, walitengeneza plastiki iitwayo PEEK. Hiyo haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 343, tena hustahimili mafuta ya moto ndani ya mashine kubwa. Mashine inapowashwa, kabla mafuta hayajaenea, beringi ya namna hiyo huteleza bila kuukwaruza mhimili.

Plastiki hiyo ni ya bei kubwa. Hata hivyo, ndugu zake wadogo wako kisimani. Iko pampu ya mkono iitwayo Afridev, iliyobuniwa na kujaribiwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980. Mpini wake huyumba juu ya bushi za plastiki za namna mbili: za nje ni za asetali, za ndani ni za nailoni. Hazihitaji oili wala grisi. Tena msizipake, maana grisi hushika mchanga, na mchanga hula bushi.

Sasa sikilizeni vema. Bushi hizo ni laini kuliko chuma kwa makusudi: zilike zenyewe, chuma kipone. Zikiisha, chuma husaga chuma, na matengenezo madogo huwa gharama kubwa. Basi msingoje mpini ulegee na kupiga kelele. Badilisheni bushi kila mwaka, hata kama maji yanatoka. Spana moja yatosha, na mama yeyote wa kamati aweza kuifanya kazi hiyo. Kamati na iweke akiba ya bushi mapema.

Maji ni zawadi ya Mungu, lakini pampu ameiacha mikononi mwetu. Kisima chaweza kujaa maji tele, na akina mama wakarudi mtoni kwa sababu ya kipande kinachoenea kiganjani.