Farasi walikufa, tukabaki na Dabi ya Kariakoo

APRILI 28, 1923, Wembley ilifurika. Mashabiki walijaa mpaka katikati ya uwanja, fainali ya Kombe la FA kati ya Bolton na West Ham ikashindwa kuanza. Waliookoa jahazi ni polisi wa farasi, na aliyebaki midomoni mwa watu ni George Scorey na farasi wake, Billy. Mpira ukapigwa, Bolton wakashinda 2-0. Hadi leo Waingereza wanaiita fainali ya farasi mweupe.

Binadamu amemtumia farasi kwa zaidi ya miaka 4,000, safarini na vitani. Hata soka la kwetu farasi kaliachia alama, ila kwa kufa.

Panda Lushoto, nenda Irente, simama pale mwambani uchungulie chini. Ile tambarare ya Mazinde na Mombo ndiko jeshi la Waingereza lilikopita Juni 1916 likiwafukuza Wajerumani. Miezi miwili nyuma yake, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Van Deventer walitoka Arusha mbio hadi Kondoa. Walianza kwa kasi kama timu inayotaka bao la mapema. Pumzi ikakata. Mvua, maradhi na mbung'o, yule anayeeneza nagana, vikawamaliza farasi kwa maelfu. Nyumbu na ng'ombe wa mizigo nao wakafa.

Sasa mzigo abebe nani? Mtu. Wanaume walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, wakatwishwa risasi na unga. Makumi kwa maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali njaa, malaria na kuhara.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa Dar es Salaam, na Waswahili wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo.

Ndiyo hiyo Kariakoo ya Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, ya Jangwani na Msimbazi. Ile sanamu maarufu ya Posta ni ya askari na bunduki yake. Mpagazi yeye kaachiwa jina la mtaa, na kila watani wakikutana, nchi nzima inalitaja. Siku ya dabi ikifika, wewe shabiki jua unamtaja nani.