Picha yatikisa dunia, mafundi watoka kapa!

Wiki hii nina stori ya mshiko ambao wenye haki nao hawakuuona.

Unaikumbuka ile picha ya Aprili 10, 2019? Duara la rangi ya machungwa, katikati giza totoro. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa ameonyeshwa picha ya shimo jeusi la angani. Magazeti yakapamba kurasa, wakubwa wakapongezana.

Sasa sikia kituko. Picha ile ilitengenezwa kwa msaada wa Matplotlib, programu inayogeuza tarakimu kuwa michoro. Ni programu huria: unaichukua bure, ukitaka unaifungua na kuirekebisha. Siku tano tu baadaye, Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ukakataa maombi ya fedha za kuitunza pamoja na ndugu zake. Eti hazina umuhimu wa kutosha! Jamani!

Aliyeianzisha ni John Hunter, mtaalamu wa ubongo wa Chicago. Alitaka tu kuona vizuri mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, kisha akaitoa kwa kila mtu. Agosti 2012 akafariki akiwa kwenye matibabu ya kansa, akaacha mabinti watatu. Wenzake wakachangisha fedha za kuwalea na kuwasomesha.

Na NumPy, ambayo Matplotlib inaiegemea? Toleo lake la kwanza rasmi lilitoka 2006, ruzuku yake ya kwanza ikaja 2017!

Utasema, si ni ya bure? Bure kwako, bwana. Kuna mtu anakesha akiziba mapengo na kujibu malalamiko, na asubuhi anawahi kibarua kingine. Ni kama bomba la mtaa: wote tunachota, koki ikikatika kila mmoja anamtazama jirani.

Afadhali kidogo ipo. Tangu 2012 shirika la NumFOCUS linapokea michango kwa ajili ya programu hizi, na Novemba 2019 Chan Zuckerberg Initiative nao waliipa fungu Matplotlib. Lakini ruzuku ina mwisho, matengenezo hayana.

Kwa hiyo, wewe unayejifunza data, kama ofisi yenu inaingiza faida kwa programu za bure, mkumbushe bosi atoe chochote. Huna senti? Ukiona kosa, liripoti kiungwana, usitukane fundi.

Koki isije ikakatika tukabaki tunatazamana. Tukutane wiki ijayo!