Kiingereza cha raporo: tafuta kwanza nani alifanya nini

Mu migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, karatasi zinasema luga mingi. Shefu anatoa amri mu Kifaransa ao mu Kiswahili, mashini inafika na kitabu cha Kiingereza, na wenye kufanya kazi pamoja na watu wa Zambia wanaandikiana Kiingereza kila siku. Wengi wetu tulisoma Kiingereza kidogo ku sekondari. Maneno tunayajua. Kinachotushinda ni namna yanapangwa mu fraze, na hapo njo mutu anaweza kupoteza haki yake.

Tuanze na karatasi yenye kuleta matata zaidi, ni raporo ya aksida. Tuseme kamyo imegonga, dereva ameumia. Raporo inaandika: "The brakes were not checked before the shift." Ukisoma mbio unasema sawa, freni hazikuangaliwa mbele ya kuanza kazi, ni kweli. Unatia sinyatire. Lakini nani hakuziangalia? Dereva, ao fundi wa garage? Fraze haisemi. Kiingereza kina namna ya kuficha mutu: "was checked", "was given", "was told". Sisi pia tunayo: iliangaliwa, alipewa, aliambiwa. Neno lenye kumutosha mu maficho ni "by", njo "na" yetu: "by the mechanic", na fundi. Kama "by" haiko, uliza pale pale, bic ingali mu mukono: na nani? Juu kisha, mu uchunguzi, kuna mutu atajaza lile pengo na jina, na mwenye kulala ku hospitali hayuko pale ajitetee.

Wewe ukiandika ushahidi, fanya kinyume. Weka mutu, kitendo, kitu, kisha siku na mahali. "The mechanic did not check the brakes. I told the supervisor on Monday." Fraze mbili fupi, hakuna wa kuzipinda. Mu Kiswahili mutu anakaa ndani ya kitendo: "nilimwambia" ni neno moja. Kiingereza kinadai matatu, "I told him", na huwezi kuacha hata moja. Tena kuna mutego: "him" ni nani? Hata kwetu, "alimwambia kama gari yake ni mubovu", gari ya nani? Usiache "he" na "him" wacheze ndani ya fraze moja wakati wanaume watatu wako mu habari. Taja kila mara kazi ya mutu: driver, mechanic, supervisor. Ku masomo walitufundisha kama kurudilia neno ni mubaya. Mu raporo ya aksida si mubaya hata kidogo.

Desturi ingine tunaitosha mu Kifaransa: "J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance", mistari mitatu ya heshima mbele ya kusema buti zimetoboka. Ukigeuza ile neno kwa neno mu Kiingereza, musomaji anafika chini bila kujua unataka nini. Andika tu: "My boots have holes. I am asking for new boots." Haiko kukosa adabu. Lakini uchunge "demand", haiko demander. "We demand" ni tunalazimisha. Delege mwenye kuomba aandike "We ask". Siku ya kulazimisha itafika, ataiandika kwa kusudi. Na "injury" haiko injure ya Kifaransa: "injury report" ni raporo ya jeraha, matusi haimo.

Sasa mubao wa ku mulango. "Do not enter unless the fan is running." Jicho linakamata "enter" na "fan running", mutu anazani anaitwa. Neno la kuchunga ni "unless": kama si. Usiingie kama mashini ya hewa haizunguke. Kisha kulipua, gaze ya monoksidi ya kaboni inaweza kubakia ndani, haina harufu, haina rangi. Ile fraze moja, kuielewa ao kutoielewa, ni kurudia kwa watoto ao kutorudia. Fundisheni wamama na vijana ku nyumba pia, juu mara mingi njo wao wanasomea baba karatasi.

Mwisho, maneno yenye kufuatana kama mabehewa: "dump truck driver training record". Kiswahili na Kifaransa zinaanza na kitu chenyewe, Kiingereza kinakiweka nyuma kabisa. Kwa hiyo soma kuanzia nyuma: record ya training ya driver wa dump truck, kitabu cha mafunzo ya dereva wa kamyo ya benne. Ni ile karatasi wanapitisha asubui, kila mutu anatia sinyatire mbio juu timu inangoja. Mwenye kutia sinyatire pale anasema alifundishwa. Kama mafunzo haikufanyika, andika pembeni ya jina lako, fraze fupi yenye mutu na kitendo: "I did not receive this training." Weka na tarehe, piga picha na telefone, kisha upeleke kwa delege.