Historia ya Masasi na Newala: mashujaa, mateka na darasa moja

MWANAFUNZI wa sekondari wilayani Masasi au Newala anapofikia mada ya upinzani dhidi ya ukoloni, hukuta jina la Machemba katika orodha ya mashujaa. Hulikariri pamoja na la Mkwawa na la Kinjekitile, hulijaza katika karatasi ya mtihani, na mada hufungwa.

Kisichojitokeza katika orodha hiyo ni kwamba Machemba, kiongozi wa Wayao, alikuwa na makao yake Luagala, juu ya Uwanda huo huo wa Makonde. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, mwakilishi wa serikali ya Ujerumani, alimtaka ateremke pwani kusalimu amri. Machemba alikataa kwa barua, na barua hiyo iliandikwa kwa Kiswahili. Vikosi vilitumwa dhidi yake zaidi ya mara moja, na ni mwaka 1899 tu ndipo alipoondolewa, akavuka Mto Ruvuma na kuingia nchi ambayo leo ni Msumbiji.

Kwa kuwa somo la Historia katika sekondari limekuwa likifundishwa kwa Kiingereza, maneno ya barua hiyo yanayosambaa vitabuni ni ya Kiingereza. Mtoto anayezungumza Kiswahili huyapokea maneno ya mzee wa kwao kwa tafsiri ya lugha ya kigeni.

Hata hivyo, lugha si ugumu mkubwa kuliko wote. Machemba alikuwa pia mfanyabiashara wa misafara, na misafara ya Wayao ilipeleka pwani pembe za ndovu, mpira na watu. Aliyewagomea Wajerumani ndiye huyo huyo aliyenufaika na biashara ya utumwa.

Masasi nayo ilianza upya kutokana na biashara hiyo. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka kisiwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarejesha upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni waliofahamika huko kama Magwangwara waliwashambulia, wakaua na kuchukua mateka. Juu ya uwanda, wenye vichaka vizito na usio na maji, Wamakonde walipata maficho dhidi ya wavamizi wa aina hiyo.

Kwa hiyo darasa moja la kidato cha tatu linaweza kuwa na wajukuu wa waliouza, wa waliouzwa, wa waliojificha na wa waliovamia. Mwalimu akiuliza ovyo nani anatoka wapi, anaweza kumuaibisha mtoto mbele ya wenzake. Akinyamaza kabisa, utumwa unabaki kuwa jambo la Waarabu na Wazungu peke yao, na wanafunzi wanajifunza nusu ya habari.

Njia ya kati ipo, nayo si mpya. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji, wakati ambapo walioviona kwa macho walikuwa bado hai. Masimulizi yale yalibadili namna vita hivyo vinavyoandikwa. Katika sekondari, mada ya vyanzo vya historia huyataja masimulizi ya mdomo, lakini mara nyingi huishia kwenye kuorodhesha faida na hasara zake.

Mwalimu wa Newala angeweza kuanza na jambo lisilomuumiza mtu: maji. Ureno ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1916, majeshi yake yalivuka Ruvuma na mwishoni mwa Oktoba yakaiteka Newala. Wajerumani waliyazingira na kuyakatia maji yaliyokuwa chini bondeni. Kabla ya Novemba kwisha, Wareno walikuwa wamekwisha kuondoka. Anayejua shida ya kupandisha ndoo ya maji kwenye miteremko ya Newala hahitaji kukaririshwa sababu za kushindwa kwao. Kwa Masasi, mwanzo mzuri ni Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipoiharibu misheni na wamisionari wakakimbilia Lindi. Swali la nani aliungana nao na nani alikaa kando, na kwa nini, lina majibu tofauti kutoka kijiji hadi kijiji.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini somo linalobeba historia na maadili kwa pamoja lina kishawishi cha kumsafisha Machemba ili awe kielelezo, ilhali kijana wa miaka 16 anaweza kabisa kuelewa kwamba mtu mmoja alikuwa jasiri na pia aliuza watu.

Sehemu ya alama za kidato cha nne hutokana na tathmini endelevu ya shuleni, na kazi ya kukusanya masimulizi ingeweza kuingizwa humo bila kusubiri kitabu kipya. Walioiona Masasi ya 1905 wamekwisha kufariki dunia wote. Waliosimuliwa nao wakiwa watoto sasa ni wazee sana, na idadi yao inapungua kila mwaka.